Frieren, reli ya Baba na rafiki zake waliobaki

Kama umemzika mzazi na bado wako hai watu waliokuwa naye ujanani, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Niliwatafuta rafiki za baba yangu baada ya yeye kuondoka. Mmoja nilioneshwa kaburi lake. Wengine niliwakuta, na walichonipa nisingekipata kwa mtu mwingine yeyote. Kuna mambo ya nauli, ya simu, ya makaratasi na ya moyo ambayo ningependa uyajue kabla hujafunga begi.

Baba alikuwa miongoni mwa maelfu ya vijana wa Kitanzania walioijenga reli ya TAZARA bega kwa bega na Wazambia na Wachina, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi iliyoanza 1970 na kukamilika 1975. Nyumbani habari hiyo ilikaa kama picha ya ukutani ambayo kila mtu anapita mbele yake na hakuna anayesimama kuitazama. Alijenga reli, basi. Hatukuwahi kujua alilala hema moja na nani, walikula nini mvua iliponyesha wiki nzima, wala ni nani aliyemfundisha ule wimbo aliouimba kila asubuhi akinyoa ndevu.

Alipofariki, watu wema walikuja kutusaidia. Siku ya kuanua matanga nguo ziligawiwa, chumba kikasafishwa, na sanduku la makaratasi yake likachomwa pamoja na taka nyingine kwa sababu yalionekana ni risiti kuukuu tu. Aliyechoma hakuwa na nia mbaya. Ila naomba ulichukue hili kama jambo la kwanza: kabla vitu vya marehemu havijaguswa, mtu mmoja wa familia apewe kazi ya kupiga picha kila karatasi, kila barua, na nyuma ya kila picha, maana majina na tarehe huandikwa nyuma. Ni kazi ya saa chache. Ikipita siku hiyo, haifanyiki tena.

Mdogo wangu wa mwisho ni mpenzi wa katuni za Kijapani. Mwaka mmoja baada ya msiba alinikalisha mbele ya kompyuta yake tutazame Frieren. Sikuwa mtu wa anime. Nilikaa kwa ajili yake tu, kwa kuwa tangu msiba tulikuwa tunakula meza moja bila maneno.

Kwa ambaye hajaiona: Frieren ni mchawi wa jamii ya elfi, viumbe wenye masikio marefu, na umri wake umepita miaka elfu moja. Hadithi inaanza pale ambapo hadithi nyingine za kishujaa huishia. Mfalme wa Mapepo ameshauawa, na wasafiri wanne wanarudi mjini baada ya safari ya miaka 10: shujaa Himmel, kasisi Heiter, mpiganaji wa shoka Eisen, na Frieren. Usiku wanatazama mvua ya vimondo inayokuja mara moja katika miaka 50. Frieren anawaambia anajua mahali ambapo vinaonekana vizuri zaidi, na kwamba safari ijayo atawapeleka. Anaondoka, anakwenda kukusanya mazingaombwe yake. Kwake miaka 50 ni muda wa kuzunguka kidogo. Anaporudi, Himmel ni mzee mfupi mwenye upara, na ndevu zake nyeupe. Wanakwenda kuvitazama vimondo wote wanne kama alivyoahidi. Muda mfupi baadaye Himmel anafariki.

Mazishini watu wananong'ona kwamba yule mchawi hana hata huzuni. Kisha udongo unaanza kumwagwa, na Frieren analia. Anasema hakujua chochote kumhusu, kwamba alijua maisha ya wanadamu ni mafupi, sasa kwa nini hakujitahidi kumjua. Mdogo wangu alisimamisha picha hapo. Hatukuangaliana. Mama, aliyekuwa amekaa nyuma yetu akichambua mchele na kutusikiliza tukimtafsiria, alisema, "Huyu mtoto alidhani muda upo." Kisha akaendelea kuchambua.

Hadithi yenyewe ni manga, yaani kitabu cha katuni cha Kijapani, ya Kanehito Yamada, michoro ni ya Tsukasa Abe, na ilianza kuchapishwa 2020. Studio ya Madhouse ikaifanya anime chini ya mwongozaji Keiichiro Saito, msimu wa kwanza ukiwa na vipindi 28 kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024. Nayataja haya kwa sababu wengi wanaoisikia hudhani ni kitu cha watoto. Ni kazi iliyotulia mno. Kipindi kizima kinaweza kwenda kwa mtu kuzisafisha sanamu za kijijini au kutafuta ua. Ukiwa na msiba mbichi, usitazame vipindi vingi kwa usiku mmoja. Sisi tulitazama kimoja au viwili, tukazungumza, tukalala. Na utazame na mtu. Nusu ya faida niliyoipata ilitokana na mdogo wangu kuanza kusema.

Kitu kilichonitoa nyumbani hasa ni Heiter, yule kasisi mpenda pombe. Baada ya kifo cha Himmel alimkuta mtoto yatima, Fern, amesimama ukingoni mwa genge akiwa amekata tamaa. Anamweleza kwamba naye alifiwa na rafiki wa zamani, na kwamba akifa yeye, basi ujasiri, nia na urafiki aliofunzwa na huyo rafiki, pamoja na kumbukumbu zao, vitatoweka duniani. Anamlea mtoto yule kwa sababu Himmel angefanya hivyo. Nilibaki na swali moja usiku ule: ni akina Heiter wangapi wa Baba waliokuwa bado wanapumua, wenye umri wa miaka zaidi ya sabini, na mimi sijui hata wanaishi wapi?

Mama alikuwa na majina ya utani tu na miji: mmoja Mlimba, mmoja Makambako, mmoja Mbeya. Hapo ndipo kazi ilipoanzia. Ushauri wangu ni uanze na daftari la rambirambi. Tulilihifadhi kwa sababu ya hesabu za michango, kumbe mle ndani kulikuwa na majina ya watu waliotuma fedha kutoka mbali ambao hatukuwafahamu, na namba zao za simu. Namba moja ilikuwa ya mjukuu wa mzee wa Makambako. Huyo alimfahamu mtoto wa mzee wa Mbeya. Nakusihi pia umtafute kwanza aliye mzee zaidi au mgonjwa zaidi, hata kama ndiye wa mbali. Sisi tulipanga safari kwa kufuata barabara, Makambako kwanza kwa kuwa basi la Mbeya linapita palepale. Nilipokuwa naulizia nyumba, kijana wa bodaboda aliniuliza kama nimekuja kwa ajili ya arobaini.

Niliingia kwenye nyumba ya watu nisiowajua nikiwa na kilo za sukari na doti ya khanga, nikalia kuliko wenye msiba. Walinipokea kama mtoto wao. Mjane alinipeleka makaburini kwa miguu, akanionesha, akaniambia, "Baba yako mkubwa alikuwa akisema kila Sabasaba atakwenda Dar kumwona mwenzie." Sikuwa na jibu. Nilikaa siku chache nikisaidia jikoni, maana kuondoka kesho yake kungekuwa utovu wa adabu. Mambo ya aina hii yanakula muda na fedha. Jumla ya nauli, kulala, zawadi na rambirambi za njiani vilinigharimu zaidi ya mshahara wangu wa mwezi, na safari ya pili niliigharimia kwa kukopa kikundini kwetu. Jipange ukijua kwamba huendi kwa mzee mikono mitupu, na kwamba unaweza kukuta mgonjwa, msiba au ada ya shule.

Mzee wa Mlimba alikuwa hai. Kufika kwake wakati wa mvua ni shughuli, kwani barabara kutoka Ifakara hujaa tope na gari dogo halipiti popote. Nenda kiangazi ukiweza. Alibaki kule tangu kambi zilipovunjwa, akapata shamba la mpunga, akaoa, akazeeka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama muda mrefu, akasema, "Umechukua paji la uso la baba yako. Kaa, mwanangu."

Nilikuwa na orodha ya maswali iliyopangwa vizuri: mwaka gani, kambi ipi, cheo gani. Alijibu kama anayehojiwa na ofisa, neno moja moja, na mke wake akaanza kuondoa vikombe. Niliifunga karatasi. Nikamuuliza Baba alikuwa anapika nini zamu yake ikifika. Mzee alicheka mpaka akashika kifua. Baba, aliyekuwa mkali wa chumvi kwetu maisha yake yote, kambini alikuwa anaunguza ugali kiasi kwamba wenzake walimlipia zamu ili asiingie jikoni. Kutoka hapo yalikuja yote. Mlio wa baruti asubuhi. Wachina waliokula nao pamoja na kuelewana kwa ishara. Simba waliosikika usiku. Ukungu wa milimani kati ya Mlimba na Makambako, sehemu ngumu kuliko zote, ambako reli inapita kwenye mahandaki na madaraja moja baada ya jingine. Daraja la mto Mpanga lilikuwa na urefu wa kwenda juu ambao, alisema, ukitazama chini unasahau jina lako.

Frieren amenisaidia kuelewa kwa nini swali dogo linafungua mlango. Katika safari zake hakusanyi mazingaombwe makubwa. Anataka ya kutoa barafu ya kula na sukari, ya kugeuza zabibu tamu kuwa chachu, ya kuotesha bustani ya maua. Fern, yule yatima aliyelelewa na Heiter na ambaye sasa ni mwanafunzi wake, anaona ni upotevu wa muda. Lakini zabibu chachu ndizo Eisen anazozipenda, na ukimuuliza Frieren juu ya Mfalme wa Mapepo atakujibu kwa sentensi mbili, ila ukimuuliza juu ya zabibu atakurudisha kwenye njia yote waliyopita. Kwa hiyo ukienda kwa mzee, uliza chakula, viatu, aliyekoroma, aliyedaiwa, wimbo. Miaka na vyeo vitajitokeza vyenyewe.

Mengine ya vitendo. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na umpe mwenye nyumba nafasi ya kukataa. Simu uiweke juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu, maana kila kikombe kinachowekwa kinasikika. Zima mtandao wa simu, la sivyo mtu akipiga rekodi inakatika, nami nilipoteza hivyo habari nzima ya mafuriko. Asubuhi ndiyo saa ya wazee. Baada ya chakula cha mchana mwache apumzike. Picha za zamani zipige karibu na dirisha, kivulini, bila mwanga wa kamera. Usiku uleule peleka nakala mahali pawili, kwenye flashi na kwa ndugu aliye mbali. Na usiende na msafara. Tulipokwenda wengi, mzee alizungumza kama yuko mkutanoni.

Siku ya mwisho aliingia ndani akatoka na sanduku la bati lenye kutu, akasema ni la baba yangu. Aliliacha kambini mwaka waliotawanyika, akaahidi kulifuata. Mzee alilihamisha nyumba hadi nyumba karibu miaka hamsini. Ndani kulikuwa na sweta lililoliwa na nondo na sahani mbili za bati. Himmel naye alimtunzia Frieren pembe ya joka jeusi aliyoiacha kwake, kwenye kabati, miaka 50, ingawa ilikuwa ikitoa giza la kutisha. Nilipoitazama sehemu hiyo mara ya kwanza nilidhani ni ya kuchekesha tu. Nilipoliona sanduku lile nikiwa nimesimama kwenye ua wa Mlimba, magoti yaliniishia nguvu.

Sahani zilikuwa mbili. Nikauliza ya pili ni ya nani.

Walikuwa watano, siyo wanne. Wa tano alikuwa mdogo wao kuliko wote na alifia kazini, mwamba ulipoporomoka, siku ambayo zamu ilikuwa ya Baba. Alikuwa na homa, kijana yule akaingia badala yake. Mzee alilitaja jina lake, nami nikamwomba alirudie. Ni jina la kaka yangu mkubwa. Halimo katika ukoo wetu, upande wa Baba wala wa Mama, na tulipokuwa wadogo tuliambiwa tu kwamba Baba alilipenda. Kila siku kwa miaka zaidi ya arobaini Baba alimwita mwenzake kwa sauti uani, njoo ule, njoo uoge, na hakuna aliyejua anamwita nani.

Reli ile ilichukua watu wengi. Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi ya Wachina waliopoteza maisha wakati wa ujenzi, na nimeyapita mara nyingi bila kugeuza shingo. Sasa huwa nashuka. Yule kijana wetu alizikwa njiani, na mzee anapajua mahali.

Nisifiche kwamba safari hii pia iliniumiza kwa namna nyingine. Mzee wa Mbeya alikubali kuniona, lakini alinieleza waziwazi kwamba yeye na Baba waligombana juu ya fedha za kiwanja na hawakusemezana tena hadi kifo. Alimlaumu Baba, na kwa alivyoeleza, sehemu ya lawama ni ya haki. Ilinichukua wiki kadhaa kukubali. Ukianza kuuliza, uwe tayari kukutana na mzazi ambaye si yule uliyemzika. Usibishane na mzee ukumbini kwake. Sikiliza, shukuru, na usiyapeleke maneno hayo kwenye kundi la familia siku hiyohiyo. Mimi nilimweleza Mama peke yake kwanza. Alikuwa akijua.

Himmel alipenda sana kuchongewa sanamu. Alichagua mapozi mpaka mchongaji akachoka. Frieren alimuuliza sababu, naye alitaja nyingi, ila kubwa ilikuwa kwamba hataki Frieren abaki mpweke siku zijazo, wao wakiwa wameshaondoka. Miaka mingi baadaye Frieren anatumia miezi kutafuta ua la buluu la kwao Himmel, lililodhaniwa limetoweka, ili alipande kuizunguka sanamu yake. Fern anamuuliza kama anafanya hivyo kwa ajili ya Himmel. Anajibu kwamba pengine anafanya kwa ajili yake mwenyewe. Watu wakiniuliza fedha zote zile zilikwenda wapi, nami huwajibu hivyo. Baba hahitaji tena kujulikana. Mimi ndiye niliyehitaji.

Kuna sehemu Frieren anasema ile safari ya miaka 10 haifiki hata sehemu moja ya mia ya maisha yake, na Eisen anamjibu kwamba sehemu hiyo moja ya mia ndiyo iliyombadilisha. Kambi ya Mlimba ilikuwa miaka michache tu ya maisha ya Baba. Hasira zake tulipobadilishana zamu za kazi za nyumbani bila kumwambia, kukataa kwake kabisa mtu mgonjwa afanye kazi au mwingine aifanye badala yake, sasa najua vilitoka wapi. Tulimwona mgumu. Natamani ningeyajua haya akiwa bado anatugombeza.

Wapenda mapigano hawatakosa chao, kwani sehemu kubwa ya nusu ya pili ni mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, na mdogo wangu huirudia. Mimi hurudia vipindi vya mwanzo. Ukihitaji pa kuanzia na familia yako, kaeni mtazame vinne vya kwanza, ambavyo Japani vilioneshwa kwa mkupuo usiku mmoja, kisha kila mmoja aandike jina la mtu mmoja aliyemjua marehemu kabla ninyi hamjazaliwa.

Kwa sasa nazinakili rekodi za mzee wa Mlimba ziwe maandishi, na nakala nimempelekea mjukuu wake, kwa sababu sauti ile ni mali yao kabla haijawa yangu. Mama hataki kurekodiwa. Anakubali niandike kwa mkono akiwa anapika, akinisimamisha nikikosea. Mzee ametuma ujumbe anataka kumwona huyo mwenye jina la mwenzao. Kaka ameshaomba likizo. Tutaondoka mpunga ukishavunwa, barabara ikiwa imekauka, na sahani zote mbili tutakwenda nazo.